Shilingi 350,000 za kumchoma Bobi: unalipia nini hasa?

Swali

Shikamoo daktari. Naishi Moshi, mtaa wa Soweto, nyumba ya kupanga. Mbwa wetu Bobi ana miaka 12 na kilo 32. Figo zimeshindwa, na daktari anayemtibu ametushauri tumlaze kwa sindano asiamke tena, Jumamosi hii. Mwezi wa 12 tunahamia Arusha kikazi, na sitaki kumwacha kwenye uwanja wa mtu mwingine. Kuna jamaa wa Arusha mwenye tanuri ameniambia atamchoma kwa shilingi 350,000 na kunirudishia majivu. Je, hiyo ni bei ya haki? Kuna njia nyingine? Majirani wananicheka, wananiuliza kwani mbwa wangu ni Mhindu? Mwanangu wa darasa la sita anataka majivu apandie mparachichi kwa bibi yake mzaa baba, Kibosho. Mwisho, Bobi siku hizi amekuwa na hasira. Jumapili alimng'ata kijana wetu wa kazi mkononi, ila kidogo tu.

Jibu

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Miaka 12 ni umri mkubwa kwa mbwa wa uzito huo, kwa hiyo mmemtunza vizuri. Kiswahili kina neno lake kwa mnyama aliyekufa, nami nalitumia kila siku kazini: mzoga. Kwa Bobi nitasema mwili.

Kabla ya tanuri na bei, naanza na jambo uliloliweka mwishoni kama la kupita. Nilikupigia simu siku ileile nilipolisoma, lakini nalirudia hapa kwa sababu wapo wengine watakaofika kwenye hali kama yako. Mbwa aliyemng'ata mtu hachomwi wala hazikwi kabla suala la kichaa cha mbwa halijafungwa. Uliniambia muhuri wa mwisho kwenye kadi yake ya chanjo ni wa 2022, maana yake kwa sasa hana kinga ya kutegemewa. Hasira yake inawezekana kabisa imetokana na figo: sumu zikijaa kwenye damu mbwa mpole hubadilika tabia. Lakini mimi siwezi kuapa hivyo nikiwa Arusha, na wewe huwezi kuapa hivyo ukiwa Moshi, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao dalili zikishamtokea mtu, huwa hakuna tena wa kumponya.

Hesabu ni hii. Mbwa mwenye virusi vya kichaa kwenye mate hafikishi siku 10 tangu siku aliyong'ata bila kuonyesha dalili au kufa. Bobi aling'ata Jumapili. Ukimlaza Jumamosi ni siku ya 6 tu, na ukishamtia kwenye moto, ushahidi umeteketea. Kwa hiyo mwombe daktari wake amtegemeze kwa dripu na dawa za maumivu mpaka Jumatano ijayo, akiwa amefungwa mahali ambapo watoto hawamfikii. Akifika Jumatano bila dalili mpya, hakumwambukiza kijana siku ile. Ikiwa anateseka mno hawezi kusubiri, basi alazwe, lakini daktari akate kichwa mwenyewe akiwa na glavu na miwani, kiwekwe kwenye boksi la barafu bila kugandishwa, kipelekwe Wakala ya Maabara ya Veterinari, kituo cha hapa Arusha, ubongo ukapimwe. Najua ni neno gumu kulisoma kuhusu mbwa unayempenda. Mwili uliobaki unaweza kuuchoma au kuuzika kama ulivyotaka, na daktari anayejua kazi atakufungia vizuri usione kitu.

Kijana yeye hasubiri Jumatano wala majibu ya maabara. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali leo hii kuanza chanjo. Bobi akivuka siku 10 salama, hospitali wataamua kama waendelee na sindano zilizobaki. "Kidogo tu" haina maana yoyote kwa kirusi hiki. Na kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa, kwa hiyo ofisi ya mifugo ya manispaa ijulishwe ikiwa kuna shaka.

Sasa tuje kwenye tanuri.

Zaidi ya nusu ya mwili wa mnyama ni maji. Kwa Bobi, hayo ni karibu ndoo nzima ya lita 20 inayotakiwa kugeuka mvuke kabla nyama yenyewe haijashika moto sawasawa. Ndiyo maana tanuri za kazi hii huendeshwa kati ya nyuzi 760 na 980 za Selsiasi, na zile nzuri zina chumba cha pili cha kuuchoma moshi kabla haujatoka nje. Mbwa wa ukubwa wake hukaa humo saa moja na nusu hadi mbili au zaidi. Kinachobaki si majivu kama ya jikoni. Ni vipande vya mifupa, vyeupe, vikavu, vinavyovunjika kwa mkono. Vikipoa vinatolewa, vyuma kama vipo vinaokotwa kwa sumaku, kisha vinasagwa. Huo unga wa mifupa ndio tunaouita majivu.

Gharama kubwa hapo ni kulipasha moto tanuri lililopoa, hata kuliko kumchoma mbwa mwenyewe. Tanuri linalofanya kazi kila siku linakuwa bado lina joto la jana, na mnyama wa leo analipia kidogo. Tanuri linalowashwa kwa ajili yako peke yako linakula gesi au dizeli tangu saa ya kwanza, na wewe ndiye unayelipia. Marekani, ambako kazi hii ni biashara kubwa, kumchoma mbwa wa wastani peke yake aghalabu ni kati ya dola 150 na 350, na kumchoma pamoja na wengine bila kurudishiwa majivu ni pungufu sana ya hapo. Kwa hiyo 350,000 ya jamaa wako, nikiangalia mafuta na muda, si wizi kwa sura yake, mradi ni kweli anafanya anachokuambia. Suala langu lipo hapo.

Unapolipia kuchoma unalipia mambo matatu: joto la kutosha, mnyama wako kuwa peke yake humo ndani, na uhakika kwamba unachopewa ni chake. Joto ni rahisi kulihakikisha. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopandisha bei, na ndiyo yanayoibwa.

Duniani kazi hii hufanywa kwa namna tatu. Ipo ya peke yake, mnyama mmoja tanurini, kisha tanuri linafagiwa. Ipo ya kugawana, wanyama kadhaa kwa pamoja lakini wametenganishwa kwa matofali au sinia. Hapo majivu huchanganyika kidogo, hakuna namna ya kuzuia, na mfanyabiashara mkweli hukuambia mapema. Na ipo ya pamoja, wote mle, hakuna majivu ya kurudishiwa mtu. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo. Kibaya ni kulipa bei ya kwanza ukafanyiwa ya tatu.

Muulize jamaa huyo tanuri lake ni la nini siku nyingine zote. Kama ni insinereta ya taka za hospitali au ya nyama iliyokataliwa machinjioni, ni mahali salama kiafya pa kuteketeza mwili, na hilo si dogo. Lakini chini yake kuna mchanganyiko wa kila kitu, na ahadi ya "majivu yake mwenyewe" hapo hainiingii akilini. Mwombe uwepo wakati Bobi anaingizwa, na kabla hajaingizwa uone sakafu ya tanuri imefagiwa. Peleka kipande cha chuma kisichoyeyuka kwa urahisi chenye namba au jina uliloligongesha kwa fundi, kiingie naye na kitoke naye. Kibao cha alumini hakifai, kitayeyuka. Akisema huwezi kuwepo, au kwamba utachukua majivu kesho kutwa kwa kijana getini, usilipe.

Miaka kadhaa iliyopita mteja wangu alimpeleka paka wake wa kilo 4 mahali ambapo mimi mwenyewe nilimwelekeza. Alirudishiwa kopo la lita 2 limejaa pomoni. Aliliweka sebuleni kwake kwa heshima zote, na siku moja akaniita nilione. Niliweka kidole chenye maji: jivu liliteleza kama sabuni. Lilikuwa jivu la kuni. Paka wa kilo 4 hatoi hata kikombe kimoja cha chai. Sikupata namna nzuri ya kumwambia, na tangu siku hiyo sijampeleka mteja mahali ambapo sijasimama mwenyewe mbele ya mlango wa tanuri.

Kwa hiyo kumbuka kipimo: kwa kila kilo ya mnyama, majivu ni kama mililita 36. Bobi atakupa lita moja na kidogo, uzito wake kilo moja hivi. Yatakuwa na rangi nyeupe au kijivu, yakikwaruza kama mchanga mnene. Ukipewa ndoo, au ukipewa unga mweusi laini, umepewa kitu kingine.

Wapo watakaokuambia umchome mwenyewe kwa kuni ili kuokoa pesa. Usijaribu. Nchini India, mwili wa mtu mmoja kwa kuni hula kilo 400 hadi 600, na mbwa wa kilo 32 hapungui kwa uwiano kwa sababu moto wenyewe unahitaji ukubwa fulani ili usizimike. Utamaliza kirikuu nzima ya kuni, na kule mlimani msitu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005, hakuna kuni za kukata. Nilichowahi kukiona mara nyingi ni watu wanaoishiwa kuni katikati, wanaongeza matairi na petroli, mtaa mzima unajaa moshi wenye sumu, na mtoto anabaki na picha ya mwili ulioungua nusu. Petroli yenyewe hulipuka usoni kwa mtu anayeimwaga juu ya makaa.

Njia ya kumpeleka Nairobi akachomwe huko naipita haraka. Ni kilomita karibu 270 kutoka Arusha, na mwili wa mnyama hauvuki mpaka wa Namanga ndani ya buti bila vibali vya mifugo vya pande zote mbili. Kwa mnyama aliyeng'ata mtu wiki hii, hata usiliwaze.

Kuhusu majirani. Wahindu wa Moshi na Arusha huchoma wafu wao kwa imani yao, na wanastahili heshima, si kufanywa kicheko. Lakini kutouzika mwili mzima si mali ya dini moja. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Anglikana Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2021, mwili wake haukuzikwa mzima: uliyeyushwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi makali, njia isiyotumia moto wala kuni, na mabaki yake yakazikwa ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu George, Cape Town. Kama askofu mkuu alipumzishwa hivyo, Bobi hamletei mtu yeyote wa mtaa wenu wa Soweto aibu.

Lakini uliniuliza njia nyingine, na barua yako mwenyewe inayo. Umeandika Kibosho kama mahali pa mparachichi tu. Mimi nimeisoma mara mbili kwa sababu hiyo. Hofu yako ni kumwacha Bobi kwenye uwanja wa mwenye nyumba, na hofu hiyo ni ya kweli: mpangaji anayekuja atachimba msingi wa choo. Kihamba cha wakwe zako, yaani shamba la ukoo la Wachaga lenye nyumba yao, hakihami. Mkishahamia Arusha, Desemba mtapanda mlimani Kibosho kama Wachaga wanaorudi nyumbani, na Desemba inayofuata, na inayofuata. Ningekuwa mimi, ningemzika kule.

Zungumza kwanza na mama mkwe, tena mume wako ndiye aanze. Kihamba ndiko wanakozikwa watu, na wazee wengine hawapendi mbwa alale karibu na makaburi. Ombeni pembeni kabisa, mpakani, mbali na makaburi na mbali na maji. Hili la maji nalisisitiza kwa sababu kule juu kila mahali kuna mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, na Moshi mjini mnakunywa maji ya chemchemi kama za Nsere na Shiri zinazotoka mlima huohuo. Angalau mita 30 kutoka kisima, chemchemi au mfongo, na sehemu isiyotuama maji wakati wa masika. Shimo liwe na kina cha kutosha hata akishalazwa, udongo wa juu yake uwe mita nzima. Watu huchimba magotini wakachoka. Usiku uleule mbwa wa jirani anafukua. Juu ya udongo pangeni mawe mazito. Chokaa watu huimwaga wakidhani inaozesha haraka. Kwa kweli inachelewesha. Inasaidia kuzuia harufu, basi.

Gharama yake ni kirikuu ya kumpandisha, vijana wawili wa kuchimba, na chakula chao. Hutafika nusu ya zile 350,000. Na hili naomba ulichukue vizuri: bei ndogo haimaanishi umempenda kidogo. Nimeona watu wakikopa ili wachome kwa sababu tu waliona kuzika ni kama kutupa.

Kina cha shimo kina sababu nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Muulize daktari wako atamlaza kwa dawa gani. Ikiwa ni pentobabito, ile dawa hubaki mwilini na kwenye udongo kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Mbwa koko akila nyama hiyo hulala asiamke, na tumbusi vilevile, ndege ambao tayari wanapungua nchi hii kwa sumu za namna nyingi. Moto huiharibu dawa hiyo kabisa, na hapo nakiri tanuri linashinda kaburi. Kaburi la kina na mawe linatosha. Kinachokatazwa kabisa ni kumpeleka dampo, liwe la Moshi au Muriet huku kwetu, ambako mwewe na mbwa wanachambua kila mfuko.

Siku yenyewe, akishalala, mkunjie miguu kama anavyolala kawaida kabla hajakakamaa; mna saa mbili tatu tu. Macho hayatafumba, na mkojo unaweza kutoka, mwambie mtoto mapema asishtuke. Mfungeni kwenye kanga au shuka la pamba, si blanketi la nailoni, iwe mnakwenda kuzika au kuchoma. Joto la Moshi si rafiki: msiuache mwili nyumbani usiku kucha, na kama lazima msubiri, mwekeeni chupa za maji yaliyogandishwa tumboni na mgongoni. Anayembeba avae glavu.

Umri wa mwanao unamruhusu kuwepo. Mwulize, usimlazimishe.

Na mparachichi wake. Kama mtachoma, asimwage majivu yote kwenye shimo la mche. Unga wa mifupa iliyoungua una chumvi nyingi na ukali unaochoma mizizi michanga. Nimeona mche wa mwembe ukikauka kwa sababu hiyohiyo, na familia ikaumia mara ya pili. Achanganye kikombe kimoja na debe zima la udongo na samadi iliyoiva, kinachobaki akihifadhi. Kama mtazika, mche usiwekwe juu ya kaburi ambako mtapanga mawe, bali hatua mbili pembeni, upande wa juu, ambapo udongo haujachimbwa. Msiupande siku ileile ya mazishi. Wekeni kijiti mahali penyewe, na mtakapokwenda Kibosho Desemba, vuli ikiwa bado imelowesha ardhi, achimbe shimo la mche mwenyewe.